Seremala wa Ukutani

Picha ilining'inia juu ya mlango wa chumba cha kulala, kamba yake ya katani imelegezwa makusudi ili fremu iiname mbele kidogo. Aliyesimama aliona kioo kikimetameta tu. Aliyepiga magoti ndiye aliyeiona vizuri. Nyanya yangu, tuliyemwita cucu kama watoto wengine wa Embu, alikuwa ameipima kwa magoti yake mwenyewe.

Kila jioni kule Kevote, koroboi ikishawekwa juu ya kabati na githeri ikiendelea kutokota jikoni, tulipiga magoti kwenye sakafu ya udongo, wakubwa mbele, wadogo karibu na mlango, na rozari ikaanza. Kufikia fumbo la tatu macho yangu yalikuwa yameshapanda ukutani. Pale palikuwa na karakana ya Yosefu: meza nene ya useremala, randa, msumeno uliotundikwa, na chini maranda yaliyojikunja kama pete. Maria ameketi pembeni akishona. Mtoto Yesu, wa umri kama wangu, ameshika ufagio. Ufagio huo ndio ulioniteka. Asubuhi ile ile nilikuwa nimefagia ua, na hapa Mwana wa Mungu naye amepewa zamu yake.

Cucu aliondoka duniani miaka mingi iliyopita, na picha ikabaki kwa shangazi. Mwaka huu msumari uliposhindwa na uzito, fremu ikaanguka na kioo kikavunjika. Shangazi akaniita. "Mwanangu, huko Meru unakoishi hakuna fundi wa fremu? Ipeleke kabla panya hawajaimaliza." Nikaifunga kwa leso, nikapanda matatu ya kupitia Runyenjes, tukateremka kona za mto Thuci, tukapanda tena hadi Chuka, Chogoria, Igoji, Nkubu. Njia nzima nilikuwa nimeipakata, na kwa mara ya kwanza nikajiuliza swali ambalo sikuwahi kumuuliza cucu: huyu seremala wetu alitoka wapi?

Alitoka mbali, na ni mkongwe kuliko nilivyodhani.

Mwaka 1511, mjini Nuremberg, Ujerumani, Albrecht Dürer alitoa kitabu cha maisha ya Bikira Maria, picha zake zimechongwa kwenye ubao na kupigwa chapa. Katika ukurasa mmoja familia iko uhamishoni Misri. Yosefu anachonga gogo, Maria anasokota uzi kando ya kitanda cha mtoto, na malaika wadogo wanene wanazoa vibanzi na kuvitia kikapuni. Nilipoiona mara ya kwanza nilishtuka. Ilikuwa nyumba yetu ya Kevote, ila badala yangu kuna malaika.

Karibu miaka mia moja baadaye, mjini Antwerp, mchongaji Hieronymus Wierix aliingia ndani zaidi ya nyumba hiyo. Alizaliwa mwaka 1553, na akiwa na umri wa miaka 12 tayari alikuwa akinakili kazi za Dürer kwenye shaba. Ukubwani alichonga mfululizo wa picha ndogo, kila moja kiasi cha kiganja, za utoto wa Yesu: Mtoto akimsaidia Yosefu kazi ya mbao, malaika wakitoa mkono, mama yake karibu. Na huyu bwana na ndugu zake hawakuwa watawa. Mwaka 1587 Christophe Plantin, mpiga chapa mkubwa wa mji ule, alilalamika kwa barua kwamba anayewataka ndugu hao kwa kazi hana budi kuwatafuta vilabuni, kuwalipia madeni na kuzikomboa zana zao zilizowekwa rehani. Napenda kulijua hilo. Mikono iliyotuchongea nyumba tulivu kuliko zote ilikuwa ya watu waliokosa utulivu, na bado walijua hasa jinsi maranda yanavyojikunja.

Kazi yenyewe ilikuwa ya jasho. Fundi huchukua bamba la shaba lililosuguliwa hadi likawa kama kioo, akaliweka juu ya mto mdogo wa ngozi. Kwa kiganja anasukuma chuma chembamba chenye ncha kali, na shaba inachimbika uzi mwembamba kama unywele. Akitaka mstari upinde, hapindi mkono. Huzungusha bamba lenyewe. Kila kitu anakichonga kinyumenyume, kulia kuwe kushoto, kwa kuwa karatasi itakigeuza. Kivuli shavuni mwa Maria ni mistari inayokatana, kama wavu. Kisha bamba linapakwa wino mzito uliotengenezwa kwa masizi na mafuta ya mbegu za kitani, linafutwa kwa kitambaa na kwa kiganja hadi wino ubaki mitaroni tu, linafunikwa kwa karatasi yenye unyevu na kupitishwa katikati ya magogo mawili ya mashine. Bamba moja linaweza kutoa mamia ya nakala. Hivyo mshonaji nguo au mjane wa kawaida wa Ulaya aliweza kumudu picha ya kuweka ukutani, mahali ambapo zamani ni bwana au askofu tu aliyekuwa na mchoro.

Na picha zile zilikuwa za kufundishia. Mwaka 1609 Claes Jansz Visscher wa Amsterdam alichora familia iliyokaa mezani ikisali kabla ya kula. Mwaka 1625 mshairi Jacob Cats wa Uholanzi alitoa kitabu kizito juu ya ndoa, chenye picha za kuchongwa, kikimwongoza mwanamke tangu usichana hadi ujane. Paris, kwenye miaka ya 1630, Mprotestanti Abraham Bosse alichonga meza nyingine ya sala, na ukutani kwa familia ile hakuweka mtakatifu yeyote. Kilichotundikwa ni maandishi ya Amri za Mungu. Kila mchoro ulimwambia mtazamaji: hivi ndivyo nyumba inavyokaa, baba hapa, mama pale, watoto mikono imefumbatwa. Tukiamini kwamba familia za Ulaya za wakati ule ziliishi hivyo kila siku, tutakuwa tumedanganyika. Hakuna anayechonga shaba kwa miezi ili kuonyesha jambo ambalo kila mtu tayari analifanya.

Picha hizi zilipenda safari. Wierix na ndugu zake walikuwa miongoni mwa waliochonga mabamba ya kitabu cha Mjesuiti Jerónimo Nadal, picha 153 za Injili, kilichotoka Antwerp mwaka 1593. Mwaka huo huo Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa. Meli zilizobeba watu wa dini na mizinga zilibeba pia karatasi. Wachoraji wa Ethiopia walichukua picha za Injili ya Kiarabu iliyochapwa Roma mwaka 1591 wakazifanya zao, wakazipa macho makubwa na rangi za kwao. Lakini kwenye miteremko ya Mlima Kenya na milima ya Nyambene seremala hakufika. Alichelewa miaka mia tatu.

Aliyemharakisha ni Papa Leo wa Kumi na Tatu. Mwaka 1892, akiona viwanda vinavyozitawanya familia za Ulaya, alianzisha chama cha Familia Takatifu na kutaka kila familia ya Kikatoliki iwe na picha ya Yesu, Maria na Yosefu nyumbani, na isali mbele yake kila siku. Wakati huo shaba ilikuwa imeshaliachia jiwe nafasi: mashine za litografia ziliweza kutoa picha za rangi kwa maelfu, kwa bei ya chini kabisa. Miaka kumi baadaye, 1902, Wamisionari wa Konsolata waliotumwa na Giuseppe Allamano kutoka Turin walifika kwa Wakikuyu, na mwaka 1911 wakafika Meru. Masista wa Konsolata wakawasili Kenya mwaka 1913. Waliondoka Italia wakiwa wamelelewa katika ibada hiyo ya picha ya nyumbani, basi waliipanda popote walipopiga kambi. Meru ilifanywa eneo lake la kikanisa mwaka 1926, na Embu ikabaki chini yake hadi ilipopata jimbo lake mwaka 1986. Kanisa kuu la Meru limepewa jina la Mtakatifu Yosefu. Mtu wa Kevote na mtu wa Tigania, wasioelewana vizuri wakizungumza lugha za mama zao, walipiga magoti mbele ya meza moja ya seremala.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo picha ilipofanya kazi kubwa na pia ndipo ilipoumiza.

Fikiria boma la Embu la miaka ya 1920. Mama ana nyumba yake, yenye mafiga matatu katikati, moto usiozimwa, mbuzi pembeni, watoto wakilala karibu na joto. Baba ana thingira yake, na huko ndiko anakopokea wageni, ndiko vijana wa kiume wanakokwenda kusikiliza. Chakula kinapelekwa kwake. Mke wa pili ana moto wake mwenyewe. Boma lina sala zake pia, na wazee wanajua wasimame wapi, chini ya mti upi, waelekee mlima. Sasa katekista anakuja na karatasi yenye rangi, na ndani yake mna chumba kimoja, baba mmoja, mama mmoja, mtoto mmoja. Baba anafanya kazi hatua mbili kutoka kwa mwanawe. Mama hana moto. Hana jembe wala mzigo wa kuni mgongoni. Ana sindano.

Picha ile ilibomoa kuta za boma bila kupiga kelele. Ilisema baba na atoke thingira, aingie sebuleni, apige magoti kando ya mkewe mbele ya watoto. Cucu aliliona hilo kuwa zuri, na mimi siwezi kumbishia, maana yeye ndiye aliyeishi pande zote mbili. Alikuwa akisema kwamba kabla ya rozari hakuwahi kusikia sauti ya mumewe ikiomba.

Lakini wakati ule ule karatasi ilipokuwa ikisema baba akae nyumbani, serikali ya kikoloni ilikuwa ikisema atoke. Kodi ya kibanda ilidai pesa taslimu, na pesa zilikuwa kwenye mashamba ya wazungu na Nairobi. Nyumba nyingi za Meru na Embu zilisali chini ya Yosefu aliyeinamia randa yake huku Yosefu wao yuko mbali, anarudi Krismasi na blanketi na sukari. Mama akaongoza sala peke yake. Nadhani ndiyo maana sauti ya rozari kwetu, hadi leo, ni sauti ya mwanamke.

Halafu serikali hiyo ikatangaza Hali ya Hatari. Shangazi alikuwa msichana mdogo mwaka 1954 watu wa kwetu walipoamriwa kuacha maboma yao na kurundikwa katika vijiji vilivyozungushiwa handaki. Babu alikuwa kizuizini. "Tulipewa muda wa kubeba tu tulichoweza," shangazi aliniambia. "Mama alibeba sufuria, jembe, na mtoto. Fremu aliiacha. Picha aliitoa, akaikunja mara mbili, akaitia kifuani." Mkunjo huo bado uko. Ni mistari miwili inayokatana katikati ya meza ya Yosefu, na karatasi imechakaa hapo hadi weupe wake umetokea. Nilipokuwa mtoto nilidhani mchoraji alichora msalaba kwa makusudi.

Sitaki kuonekana kama naandika habari za Wakatoliki peke yao. Waanglikana walikuwa Kigari, juu ya mji wa Embu, tangu mwaka 1910. Wamethodisti walifika Kaaga, Meru, mwaka 1912. Na Wapresbiteri wakaanza Chogoria mwaka 1922 chini ya Daktari Archibald Irvine. Katika nyumba za waumini hao Abraham Bosse angejisikia nyumbani: ukutani neno, si sura. Aya ya Biblia juu ya kadi ngumu. Kibao cha kumtaja Kristo kuwa mkuu wa nyumba, ambacho nimekiona kwenye sebule nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Na vitambaa.

Vitambaa vya kochi na vya ukutani tunavichukulia kama vitu vya kina mama tu, vya kupamba. Mimi naviona kuwa ndiyo michoro ya kuchongwa ya kwetu. Wasichana walifundishwa kushona misheni, ya Kikatoliki na ya Kiprotestanti vilevile, wakakaa barazani jioni na kitambaa cheupe kilichobanwa kwenye duara la mbao. Kwanza penseli, kisha uzi. Ua, ndege wawili wanaotazamana, kikombe cha chai, halafu herufi: Karibu Mgeni, Mungu ni Pendo. Tazama mkono wa mama anayeshona herufi. Anageuza duara kuelekea mstari, mkono wenyewe hauhami, kama vile mchongaji wa Antwerp alivyogeuza bamba lake juu ya mto wa ngozi. Vivuli anavifanya kwa nyuzi zinazokatana. Na hakunakili mtu yeyote wa Ulaya. Alinakili jirani yake, kisha akaongeza ndege wa tatu ili kumpita.

Swali la sura za watu wa pichani limenikera kwa muda mrefu. Yosefu wa cucu ana ndevu za dhahabu. Ng'ambo, upande wa Murang'a, mchoraji Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu chini ya Kilimanjaro, alilijibu swali hilo mwaka 1959 kwenye kuta za kanisa la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote. Kristo wake ni Mwafrika, anazaliwa kati ya watu weusi, katika nchi ya vilima ambayo mkazi wa Embu angeitambua mara moja. Kila ninapoitaja kazi hiyo kwa watu wa kwetu wanashangaa kwamba iko karibu hivyo. Lakini kazi ya Njau imebaki ukutani mwa kanisa moja. Haikuchapwa kwa maelfu, haikuuzwa mlangoni baada ya misa, haikufika juu ya mlango wa chumba cha kulala Kevote. Ulaya ilishinda kwa mashine ya chapa. Laiti parokia moja, hata moja tu, ingechapa familia inayosali ikiwa na mafiga matatu nyuma yake, leo watoto wetu wangekuwa na kitu kingine cha kutazama wakati wa fumbo la tatu.

Na zile tulizo nazo tunazitupa. Nyumba ya mbao inabomolewa, ya mawe inajengwa, televisheni inachukua ukuta mkubwa, na picha ya zamani inakwenda stoo, kisha kwenye moto. Nimeona moja inafunika ndoo ya maziwa. Jumba la Makumbusho la Meru lina zana, mitishamba na mavazi ya wazee, nami nalipenda jumba lile. Lakini nadhani hakuna mchoro uliotazamwa na watu wengi zaidi, kwa muda mrefu zaidi, katika kaunti hizi kuliko Familia Takatifu ya bei rahisi na kitambaa cha Karibu Mgeni. Mtu alivitazama kila jioni kwa miaka hamsini. Hakuna mchoraji wa jumba lolote la sanaa duniani aliyepata mtazamaji wa namna hiyo. Naziomba parokia na shule za Meru na Embu zianze kuvikusanya kabla kizazi cha shangazi hakijaondoka, maana yeye ndiye anayejua picha ipi ilikunjwa lini, na kwa nini.

Fundi niliyempata yuko karibu na soko la Gakoromone, kibanda cha mabati kilichojaa picha mpya zinazong'aa, nyingine zinabadilika sura ukisogea. Ni kijana. Aliifungua leso, akaitazama picha kimya, akaigeuza, akang'oa misumari ya nyuma mmoja mmoja kwa koleo na kuipanga mezani. Mbao za fremu zilikuwa zimeliwa na mchwa upande mmoja. Akasema atanipa mpya ya mvule, na kioo kisichomulika.

"Dada, na hii je?" aliuliza.

Alikuwa akionyesha kwa kidole sehemu ya juu ya karatasi. Kule juu, dari ya karakana ya Yosefu haikuonekana tena. Ilikuwa imefunikwa na weusi laini ulioshuka hadi karibu na kichwa cha Maria, mzito kwenye ukingo, mwepesi ukielekea chini. Ni moshi. Mlango wa chumba cha kulala ulitazamana na jiko, na kwa miaka yote ile mafiga ya cucu yalikuwa yakipuliza masizi kupitia ufa wa kioo, githeri baada ya githeri, yakijiwekea juu ya karatasi. Picha isiyokuwa na moto ilikuwa imepata moto. Nikakumbuka wino wa kule Antwerp, ule wa masizi na mafuta.

"Kuna dawa ya kusafisha," fundi alisema. "Nikipitisha pamba taratibu itatoka yote. Utaona rangi zilivyokuwa."

Nikamwambia asiiguse. Akanitazama kidogo, kisha akachukua futi yake na kuanza kupima kioo.

"Na kamba?" akauliza. "Niweke ya waya?"

"Weka ya katani," nikasema, "na uiache ndefu."